Kikao cha Kujisahihisha Katika Chama cha Msingi



Kila mwaka, masoko ya tumbaku yanapomalizika wilayani Chunya na hesabu kufungwa, huja siku ya Mkutano Mkuu. Wanachama hutoka vitongojini tangu alfajiri, wengine kwa baiskeli, wengine kwa pikipiki, wakiwa na maswali waliyoyabeba vifuani kwa miezi mingi. Mbona kilo zangu hazilingani na zile nilizozishuhudia kwenye mizani? Mbona nimekatwa deni ambalo sikulikopa? Ile mbolea iliyoandikwa kuwa nimeipokea, ilipokewa na nani? Viongozi hujibu, taarifa ya ukaguzi husomwa, sauti hupanda, na pengine mtu mmoja au wawili huondolewa madarakani. Kisha watu hurudi makwao, vitalu vya miche huanza kutayarishwa, na msimu mpya huingia ukikuta mizani ile ile, daftari lile lile na utaratibu ule ule.

Makala haya yanahusu kikao cha namna nyingine. Si kikao kilichotajwa katika Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, wala hakiwezi kuchukua nafasi ya Mkutano Mkuu ambao ndio wenye mamlaka ya mwisho katika chama. Ni kikao kidogo cha watu wanaofanya kazi moja, kinachokutana mara kwa mara wakati kazi yenyewe ingali mikononi, na ambacho ajenda yake ni moja: tumefanyaje kazi yetu tangu tulipokutana mara ya mwisho, na ni jambo gani tutalifanya kwa njia nyingine kuanzia kesho.

Kikao cha aina hiyo kimekuwa desturi kubwa duniani miongoni mwa watengenezaji wa programu za kompyuta. Mwanaushirika ana haki ya kuuliza, je, mkulima wa Mtanila au wa Lupa Tingatinga ana uhusiano gani na watu hao? Jibu la kwanza ni kwamba siku hizi wamo ofisini mwake. Taarifa za vyama vyetu huingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ujulikanao kwa kifupi kama MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Malipo nayo hupitia benki. Namba inayokosewa ghalani leo husafiri haraka kuliko zamani, na ikishafika mbali huwa vigumu kuirudisha. Jibu la pili ndilo kubwa zaidi. Watu hao waliwahi kuugua ugonjwa huu huu wetu wa kukutana wakati mambo yamekwisha haribika, na dawa waliyoipata haihitaji umeme wala mtambo.

UCHUNGUZI WA MAITI

Kwa miaka mingi programu kubwa za kompyuta zilitengenezwa kwa utaratibu uliofananishwa na maporomoko ya maji. Kwanza mahitaji yote huandikwa, kisha mpango wote huchorwa, kisha programu yote huandikwa, kisha hujaribiwa, na mwishoni mwenye kuiagiza hukabidhiwa. Kama vile maji yasivyoweza kupanda kurudi juu ya jabali, ndivyo kazi ilivyokuwa ngumu kurudishwa nyuma. Mara nyingi sana mwenye kuiagiza, baada ya kungoja mwaka au zaidi, alikabidhiwa kitu kisichofanana na shida yake. Hapo ndipo kikao kiliitishwa ili kutafuta kilichoharibika. Kikao hicho walikiita kwa jina lile lile ambalo madaktari wao hulitumia kwa uchunguzi wa maiti. Jina hilo lilikuwa la kweli kupita walivyokusudia, kwani uchunguzi wa maiti huweza kueleza sababu ya kifo lakini haujapata kumponya marehemu.

Mwezi Februari mwaka 2001 wataalamu 17 wa kazi hiyo walikutana mahali paitwapo Snowbird, katika milima ya jimbo la Utah nchini Marekani, wakatoa tamko fupi. Walisema kwamba yafaa programu itengenezwe kwa hatua fupi fupi, kila hatua ikitoa kitu kinachoweza kutumika na kuonwa na mwenyewe, badala ya kungoja mwisho. Mtindo huo ukaitwa mtindo wa wepesi, nao ulifuatana na kanuni 12. Kanuni ya mwisho ndiyo inayotuhusu: kila baada ya muda uliopangwa, kikundi kiketi kijitazame namna kinavyofanya kazi, kisha kirekebishe mwenendo wake.

Katika mwaka huo huo Norman Kerth, mtaalamu wa Kimarekani, alitoa kitabu juu ya vikao hivyo. Ndani yake aliweka sharti moja ambalo hadi leo vikundi vingi hulisoma kabla ya kuanza. Kwa maelezo yetu wenyewe, sharti hilo ni kwamba kila aliyemo kikaoni achukuliwe kuwa alifanya kadiri ya uwezo wake, kwa ujuzi aliokuwa nao, kwa vifaa alivyokuwa navyo na kwa hali aliyoikuta siku ile. Mwaka 2006 Esther Derby na Diana Larsen wakaandika kitabu cha kuonyesha mpangilio wa kikao chenyewe. Utaratibu wa kazi uitwao Scrum, ulioasisiwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, hukifanya kikao hiki kuwa cha lazima: kipindi cha kazi kisizidi mwezi mmoja, na kwa kipindi cha mwezi kikao kisizidi saa tatu.

Tusije tukadhani kwamba hekima hii ilizaliwa kwenye kompyuta. Wajapani wana desturi waiitayo hansei, yaani kujitazama baada ya kazi, ambayo kampuni ya magari ya Toyota imeifanya sehemu ya uzalishaji wake. Na kwetu Tanzania, mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu chake Tujisahihishe, akiwahimiza wanachama wa TANU waambiane ukweli bila kujali cheo cha anayesema. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili hali ya kijiji chao wenyewe, kisha wakaamua la kufanya kabla ya kipindi cha juma lililofuata. Mwaka 1975 utaratibu huo ulirudiwa katika Chakula ni Uhai. Wazee wetu wa Mbeya na Iringa waliochimba vyoo na kufyeka vichaka katika siku zile walikuwa wakifanya jambo lile lile ambalo mtengenezaji wa programu hulifanya leo mbele ya kompyuta yake. Ndiyo sababu katika makala haya tunakiita kikao hiki kwa jina letu, kikao cha kujisahihisha.

SOMO KUTOKA ZANZIBAR

Mfano ulio karibu nasi kabisa, ambao ndani yake programu ya kompyuta na kikao cha watu vilikwenda pamoja, ni ule wa takwimu za afya Zanzibar.

Katika miaka ya 2000 viongozi wa afya huko hawakuwa na imani na takwimu za serikali yao wenyewe. Kila mpango wa afya ulikuwa na fomu zake na njia zake za kukusanya hesabu, kwa sababu hakuna aliyeamini hesabu za pamoja. Ukawa mzunguko mbaya: takwimu hazikutumiwa kwa kuwa hazikuwa sahihi, na ziliendelea kutokuwa sahihi kwa kuwa hazikutumiwa. Muuguzi anayejaza karatasi akijua kwamba hakuna atakayeisoma hana sababu ya kuihangaikia. Ndugu msomaji, badilisha neno karatasi uweke neno daftari la chama, uone kama maelezo hayo yanahusu Zanzibar peke yake.

Wizara ya Afya ya Zanzibar ilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kuleta programu ya takwimu za afya za wilaya, ambayo mizizi yake ni kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990 baada ya utawala wa makaburu kuanguka. Lakini programu peke yake isingalivunja mzunguko ule. Kilichouvunja ni kikao. Kila baada ya miezi mitatu watumishi wa afya wa wilaya waliitwa mahali pamoja wakiwa na takwimu zao. Kila wilaya ilisimama ikaeleza hesabu zake, na wenzao wa wilaya nyingine wakazihoji. Watu waliozikusanya hesabu hizo ndio waliosimama kuzieleza.

Matokeo yake yaliandikwa na Jørn Braa na wenzake katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2012. Ukamilifu wa takwimu uliongezeka, fomu zilizorundikana zilipunguzwa na kupangwa upya, na wilaya zikaanza kutumia vipimo vya malengo yao. Mfumo ulioanza na wagonjwa wa nje na kliniki za wajawazito tu ulikua hadi ukaingiza mipango yote mikubwa ya afya, pamoja na hospitali za wilaya na za rufaa. Jambo lenye mafunzo zaidi kwetu ni kwamba watengenezaji wa programu walichukua yale yaliyosemwa kikaoni wakaibadilisha programu yenyewe. Mtumishi wa wilaya aliyelalamika kuhusu jambo fulani katika robo moja ya mwaka aliweza kuona lalamiko lake limefanyiwa kazi. Programu hiyo, katika umbo lake jipya liitwalo DHIS2, inatumika leo katika nchi zaidi ya 70, Tanzania Bara ikiwemo.

Yafaa tutambue kwamba pale Zanzibar hapakuwa na adhabu.  Lakini pia hapakuwa na mahali pa kujificha, kwa kuwa wenzako wanaofanya kazi kama yako wanajua maswali ya kuuliza kuliko mkaguzi yeyote. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo siri yote ya kikao cha kujisahihisha. Ukiondoa la kwanza, watu watasema uongo; ukiondoa la pili, watapiga porojo.

TUCHUKUE MFANO WA GHALANI

Ili jambo hili lisibaki hewani, tuchukue mfano wa kufikirika wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku ya mvuke. Tuseme chama hicho kina masoko manane kwa msimu, na katika kila soko marobota matano huandikwa kwa namba isiyo ya mwenyewe. Namba 117 huandikwa 171, namba 68 huandikwa 86. Jambo hilo likigunduliwa kwenye Mkutano Mkuu, marobota 40 yamekwisha uzwa na fedha zake kulipwa kwa wasiostahili, na madeni ya pembejeo yamekatwa kwa watu wasiohusika. Likigunduliwa baada ya soko la pili, yaliyopotea njia ni marobota kumi, na wenyewe wangali wanakumbuka vizuri ni siku gani walileta nini. Hapo hapo masoko sita yaliyobaki yameokolewa. Tofauti ya marobota 30 ndiyo faida ya kukutana mapema, nayo kwa mkulima mwenye mabani mawili inaweza kuwa tofauti ya mtoto kwenda shule au kubaki nyumbani.

Baada ya soko la pili, basi, wanaketi watu saba au wanane: mtunza ghala, karani wa mizani, mhasibu, meneja, mjumbe mmoja wa Bodi, dereva au msimamizi wa usafirishaji, na wanachama wawili waliouza tumbaku siku ile. Hao wawili wasisahauliwe, maana bila wao kikao kitakuwa cha watu wa ofisini wakisifiana. Wanaweka mezani daftari la ghala, stakabadhi za mizani na orodha ya malipo. Kila mmoja anapewa kikaratasi na dakika chache za kimya aandike jambo moja lililokwenda vizuri na jambo moja lililokwenda vibaya. Asiyejua kuandika anong'oneze kwa jirani yake amwandikie. Vikaratasi hukusanywa, huchanganywa na kusomwa na mtu mmoja. Utaratibu huu wa vikaratasi hutumiwa na watengenezaji wa programu, maana wao pia wana wakubwa wanaopenda kusema kwanza.

Jambo la namba kukosewa linajitokeza katika vikaratasi vitatu. Katika mkutano wa kawaida swali lingekuwa, nani aliandika? Jina la karani lingetajwa, naye angejitetea au angenyamaza, na shauri lingekwisha kwa onyo. Katika kikao hiki swali ni, kwa nini kosa hili liliwezekana? Karani anaeleza kwamba namba zile aliziandika magharibi, giza likianza kuingia. Kwa nini magharibi? Kwa sababu marobota yaliletwa mengi kwa siku moja, alasiri, siku ya kuamkia soko. Kwa nini siku moja? Mmoja wa wale wanachama wawili ndiye anayejibu: tarehe ya soko waliisikia siku mbili tu kabla. Kwa nini waliisikia kwa kuchelewa? Kwa sababu tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, na mtu wa kitongoji cha mbali hapiti kwenye mlango wa ofisi ila akiwa na shida.

Tulianza na karani mzembe, tukaishia kwenye tangazo lililobandikwa mahali pasipofaa. Karani yule angefukuzwa, karani mpya angeziandika namba zile zile magharibi ile ile. Mtu anayeona shauri hili ni la kuwapendelea wafanyakazi na alifikirie jambo hilo kwanza.

Sasa linakuja tendo la mwisho, ambalo vikao vingi hushindwa hapo. Kikundi kisiamue mambo kumi. Kiamue moja, au yakizidi mawili. Katika mfano wetu: kwanza, tangazo la soko lipelekwe kwa wenyeviti wa vitongoji kwa simu siku ile ile tarehe inapojulikana, na kila kitongoji kipangiwe siku yake ya kuleta marobota; mwenye kufanya hivyo ni meneja. Pili, kando ya namba ya mwanachama liandikwe pia jina lake, ili 117 isipoonekana vizuri jina lionekane. Mwenye kufanya hivyo ni mtunza ghala. Yameandikwa majina ya watu na siku ya kuanza. Haikuandikwa kwamba uangalifu uongezwe. Maneno kama uongezwe, uimarishwe, uzingatiwe, ambayo mihutasari yetu imejaa, hayana mwenyewe. Na jambo lisilo na mwenyewe hufa siku linapozaliwa.

Kikao kijacho kitaanzia hapo hapo. Je, tangazo lilipelekwa? Je, majina yaliandikwa? Je, namba zilizokosewa zilipungua kutoka tano? Zikiwa hazikupungua, maana yake dhana yetu ilikuwa pungufu, nasi tutafute sababu nyingine bila kuona haya. Mtengenezaji wa programu hulichukulia rekebisho kama jaribio linalopimwa. Desturi hiyo yafaa kuigwa kuliko msamiati wake wote.

MAMBO YANAYOKIUA KIKAO

La kwanza ni cheo. Mwenyekiti akianza kwa kusema kwamba msimu huu mambo yamekwenda vizuri, hakuna mtunza ghala atakayesema kinyume. Kwa hiyo mwenye cheo kikubwa aseme mwisho, na mwongozaji wa kikao asiwe mkuu wa kazi. Zamu ya kuongoza na izunguke. Kuna vyama ambavyo mjumbe wa Bodi akikaa, wafanyakazi hukauka midomo. Vyama hivyo vianze kwa vikao vya wafanyakazi na wanachama wachache, mjumbe wa Bodi akaribishwe pindi desturi itakapozoeleka. Heshima kwa wakubwa ni mali yetu na haina budi kudumu, lakini kumheshimu mkubwa ni pamoja na kumpa habari za kweli kabla hajasimama mbele ya Mkutano Mkuu.

La pili ni posho. Kikao kikishawekewa posho, kitaongezeka urefu na kupungua maana, na siku fedha itakapokosekana kikao nacho kitakoma. Saa moja na nusu baada ya kazi, pale pale ghalani watu wakiwa wamekaa juu ya mabao, inatosha. Chai na mihogo si posho.

La tatu linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndilo linaloleta mabishano. Baadhi ya wanaushirika husema kwamba kikao kisichotafuta mkosaji ni kichaka cha wezi. Hofu hiyo ina msingi. Historia ya ushirika wetu ina majeraha: vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu hapo wanachama wa sehemu nyingi wameshuhudia fedha zao zikipotea mikononi mwa watu waliowachagua wenyewe. Katika tumbaku uchungu huo una sura ya pekee. Chama hukopa pembejeo kwa niaba ya wanachama wote. Mmoja akishindwa kulipa, au akitorosha tumbaku yake kwa mlango wa nyuma, mzigo huwaangukia waliokuwa waaminifu. Mtu aliyewahi kukatwa deni la jirani yake hawezi kuambiwa kirahisi kwamba asitafute mkosaji.

Lakini wizi na kosa la kazi ni vitu viwili. Wizi una mahali pake: Bodi ya chama, Mrajis, Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, na ikibidi Polisi au TAKUKURU. Dalili ya wizi ikionekana katika kikao cha kujisahihisha, kikao kisiijadili hata kidogo. Kiipeleke kunakohusika, kiendelee na ajenda yake. Hapa ndipo makosa ya kazi yana umuhimu wake mkubwa. Daftari lililojaa makosa ya bahati mbaya ndilo kichaka chenyewe cha mwizi, kwa kuwa robota lililoibwa na robota lililokosewa namba huonekana sawasawa. Chama kinachosafisha makosa yake kila baada ya soko kinamwacha mwizi akiwa amesimama mahali peupe.

La nne ni mazoea. Baada ya vikao vitano au sita watu huanza kuandika vikaratasi vile vile, na majibu hujulikana kabla ya maswali. Hapo yafaa kubadili swali. Badala ya kuuliza lililokwenda vibaya, ulizeni ni jambo gani lililowashangaza katika soko lililopita. Au mleteni mwanachama aliyeacha kuuza kupitia chama aeleze sababu. Au mwalikeni mtunza ghala wa chama jirani awahoji, kama wilaya za Zanzibar zilivyohojiana. Vyama vya Chunya viko mbali mbali, na kutoka Kambikatoto hadi Lualaje si safari ya asubuhi, lakini siku ambayo wajumbe wa vyama wanaitwa mjini kwa shughuli nyingine ingetosha kuwakutanisha watunza ghala watano na madaftari yao kwa saa mbili.

WAKATI WA KUKUTANA

Msimu wa tumbaku wenyewe umekwisha tupangia vituo. Kituo cha kwanza ni mara baada ya pembejeo kugawanywa, wakati mifuko ya mbolea ingali inaonekana na kila mtu akikumbuka alichosaini. Kituo cha pili ni baada ya makisio ya mavuno kuchukuliwa mashambani, kwa maana makisio yakizidi au kupungua kuliko hali ya shamba, mkataba na mkopo vyote hupinda. Kisha mabani yanapozimwa na masoko kuanza, kikao kiwe baada ya soko la kwanza na baadaye kila baada ya masoko mawili. Cha mwisho kiwe ndani ya juma moja baada ya malipo kuingia katika akaunti za wanachama, kabla simulizi hazijawa nyingi kuliko hesabu.

Vyama vyenye mfanyakazi anayeingiza taarifa katika MUVU vimweke mfanyakazi huyo kikaoni kila mara, hata kama ni kijana aliyeajiriwa jana. Yeye ndiye anayeona ni namba zipi hazikubaliani, na ndiye anayejua ni sehemu gani ya kazi yake inamlazimisha kubahatisha. Aidha, jambo linaloonekana kuwa ni la mfumo wenyewe na si la chama liandikwe mbali na kupelekwa kwa Afisa Ushirika wa wilaya, likieleza siku, skrini iliyoonekana na kilichotarajiwa. Watengenezaji wa mfumo wowote hawawezi kurekebisha lalamiko lisemalo tu kwamba mtambo unasumbua.

Kumbukumbu za kikao zisizidi ukurasa mmoja: tarehe, waliohudhuria, lililoonekana, lililoamuliwa, jina la mwenye kulitenda na siku ya kuanza. Nafasi ya chini iachwe tupu kwa ajili ya kuandika, katika kikao kinachofuata, kama lilitendeka au halikutendeka. Ukurasa huo ubandikwe ghalani ukutani karibu na mizani, kwenye kimo ambacho mwanachama aliyekuja kupima tumbaku yake anaweza kuusoma akiwa kwenye foleni.